Hati Hulindwa na Utaratibu, si na Mashine

Mwaka 1972 maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi wakaingia Tanzania. Wengi wao walipewa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Huko walifyeka misitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakapata watoto na wajukuu. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 miongoni mwao. Hata hivyo vyeti vyenyewe havikuanza kugawiwa mpaka Oktoba 2014. Kwa muda wa miaka minne mtu alikuwa raia kwa tamko la serikali, lakini alipofika mbele ya karani aliyemdai karatasi, hakuwa na cha kuonyesha.

Kisa hiki chafundisha jambo ambalo watu wenye makabati ya chuma na wanasheria wao hulisahau kwa urahisi. Haki isiyo na hati huwa nzito kuibeba. Ndiyo maana leo, katika nyumba nyingi za Katumba, Mishamo na Mpanda mjini, cheti cha uraia, cheti cha kuzaliwa na hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba hupigwa picha kwa simu mara tu zinapopatikana. Mwenye hati hujiambia kwamba hata nyumba ikiungua au mchwa wakila sanduku, picha itabaki. Mfanyabiashara naye huweka hesabu zake ndani ya kompyuta, na chama cha ushirika huweka humo madeni ya pembejeo na uzito wa tumbaku ya kila mwanachama.

Je, vitu hivyo ni hati mbele ya sheria? Jibu fupi ni kwamba sheria za Tanzania zimekwisha kuvikubali. Jibu refu, ambalo ndilo lenye manufaa, ni kwamba sheria haikubali kitu kwa sababu kimo ndani ya kompyuta, wala haikikatai kwa sababu hiyo. Sheria huuliza kimetunzwaje. Hapo ndipo ilipo hatari kwa watu wa mikoa ya mbali: mlango umefunguliwa, lakini wengi hawajaambiwa ni mizigo gani inayoruhusiwa kupita.

Njia iliyopitwa na sheria

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilijengwa juu ya mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872. Watu wa karne ile waliifahamu hati kuwa ni maandishi yaliyo juu ya kitu kinachoshikika. Waliweka kanuni iliyo na busara ndani yake: anayetaka kuthibitisha yaliyomo katika hati na alete hati yenyewe. Nakala, ambayo wanasheria huiita ushahidi wa namna ya pili, hupokelewa kwa sababu maalumu tu, kama vile hati asilia kupotea au kuteketea.

Kompyuta zilipoingia katika mabenki, kanuni hiyo ilianza kubana. Katika shauri la Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, shauri la kibiashara Na. 4 la mwaka 2000, Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, iliulizwa kama karatasi zilizochapwa na kompyuta ya benki zaweza kuhesabiwa kuwa ni vitabu vya benki. Jaji Nsekela alizipokea, akiona kwamba mahakama haiwezi kuyafumbia macho mabadiliko ya njia za kufanya biashara. Mwaka 2007 Bunge liliirekebisha Sheria ya Ushahidi ili kutambua ushahidi wa kielektroniki katika mashauri ya jinai na katika kumbukumbu za mabenki. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Sheria hiyo ya kwanza yasema wazi kwamba ujumbe wa data hautakataliwa mahakamani kwa sababu tu ni ujumbe wa data.

Lakini sheria haikuishia hapo. Katika kupima uzito wa ushahidi wa namna hiyo, mahakama hutazama kama njia iliyotumika kuutengeneza, kuutunza au kuupeleka ni ya kuaminika. Kama njia ya kulinda ukamilifu wake ni ya kuaminika. Na jinsi aliyeutoa alivyotambuliwa. Msomaji na ayatazame maneno hayo kwa makini. Hakuna hata moja linalohusu ubora au bei ya mashine. Yote matatu yanahusu mwenendo wa mtunzaji.

Hati za karatasi na hati za kompyuta

Kabla ya kuendelea yafaa kutenganisha aina mbili za hati, kwa maana kuzichanganya ndiko kunakowapoteza wengi.

Aina ya kwanza ni hati iliyozaliwa katika karatasi: cheti chenye mhuri, hati ya shamba yenye sahihi, mkataba uliotiwa dole gumba. Picha ya hati hiyo ndani ya simu ni nakala. Hati asilia ikiwapo, picha haichukui nafasi yake. Hati asilia ikiteketea, picha hupata thamani kubwa, lakini haisimami peke yake. Mwenye nayo atapaswa kueleza hati ilipoteaje, nani aliyepiga picha, lini, kwa chombo gani, na picha imekaa wapi tangu siku hiyo. Vilevile ofisi iliyotoa hati itaulizwa kama daftari lake linakubaliana na picha hiyo.

Aina ya pili ni hati iliyozaliwa ndani ya kompyuta au simu: ujumbe wa malipo ya fedha kwa simu, barua pepe, taarifa ya akaunti ya benki, daftari la madeni linaloandikwa katika programu ya hesabu. Hapa mambo hugeuka. Faili ndilo asilia, na karatasi iliyochapwa ni kivuli chake. Mtu anayepiga picha kioo cha simu yake ili kuhifadhi ujumbe wa malipo, kisha akaufuta ujumbe wenyewe, amefanya sawa na yule aliyechora sanamu ya risiti akaitupa risiti. Picha ya kioo haibebi habari za ujumbe ulitoka wapi, ulipita wapi na ulifika saa ngapi. Huonyesha sura tu, na sura ni kitu rahisi kughushi.

Sheria ya Mfano ya Biashara ya Kielektroniki, iliyotolewa mwaka 1996 na Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, iliweka masharti matatu ya kuhifadhi kumbukumbu za namna hii. Kwanza, habari iweze kufikiwa na kusomwa baadaye. Pili, ihifadhiwe katika umbo ililotengenezwa, lililotumwa au lililopokelewa, au katika umbo jingine linaloweza kuthibitishwa kuwa linaionyesha kwa usahihi. Tatu, zihifadhiwe pia habari za chanzo chake, mwisho wa safari yake, na tarehe na saa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inatokana na ukoo huo wa fikra. Mwanafunzi anayeyakumbuka masharti hayo matatu ameshika kiini cha somo lote.

Jinsi hesabu inavyoweza kuwa mlinzi

Sharti la pili laleta swali la kisayansi. Itathibitishwaje kwamba faili halikuguswa? Karatasi iliyofutwa na kuandikwa upya huacha kovu. Faili lililobadilishwa halina kovu la kuonekana kwa macho. Tarakimu 4 ikigeuzwa kuwa 9, hakuna wino uliovurugika.

Wanahisabati wamelijibu swali hilo kwa kitu kinachoweza kuitwa alama ya hesabu. Faili zima huchukuliwa kuwa mfuatano mrefu wa tarakimu, likapitishwa katika kanuni ya hesabu, na mwisho ikatoka namba moja fupi. Faili lilelile hutoa namba ileile siku zote. Faili lililobadilishwa hata herufi moja hutoa namba nyingine.

Jambo hili laweza kuonyeshwa ubaoni. Tuseme deni la mkulima ni shilingi 48,250. Jumla ya tarakimu zake ni 19. Mwovu akizibadilishana tarakimu mbili za mwanzo, deni likawa 84,250, jumla inabaki 19 vilevile. Kanuni hiyo basi ni dhaifu. Sasa kila tarakimu na izidishwe kwa nafasi yake: 4×1, 8×2, 2×3, 5×4 na 0×5. Jumla ni 46. Kwa 84,250 jumla ni 42, na udanganyifu umefichuka. Hata hivyo mwanafunzi mwerevu atagundua kwamba 48,331 nayo hutoa 46. Mwenye nia mbaya na kalamu anaweza kutafuta namba nyingine yenye alama ileile. Kanuni zinazotumika kwa kweli zimeundwa ili utafutaji huo usiwezekane kwa nguvu za kompyuta zilizopo. Mojawapo, iitwayo SHA-256, hutoa alama yenye herufi na tarakimu 64, ikiwa faili ni barua ya mistari miwili au kitabu kizima. Idadi ya alama zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78.

Mambo mawili yafaa kusisitizwa. La kwanza, alama haina kazi iwapo imewekwa pamoja na faili, kwa kuwa anayebadilisha faili atabadilisha na alama. Sharti iandikwe mahali pengine, na mapema. Chama cha ushirika chaweza, kila mwisho wa siku ya soko la tumbaku, kuiandika alama ya daftari la siku hiyo katika kitabu cha karatasi, ikatiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na wanachama wawili. Hapo karatasi na kompyuta vimelindana. La pili, kanuni hizi huzeeka. Ile iitwayo MD5, iliyotolewa mwaka 1992, ilivunjwa mwaka 2004. SHA-1 ilivunjwa hadharani mwaka 2017. Kwa hiyo si busara sheria ya Bunge itaje chombo kimoja kwa jina. Sheria iseme lengo, na kanuni za waziri, zinazobadilishwa kwa urahisi zaidi, ziseme chombo cha wakati huo.

Maadui wa hati katika Mpanda

Sheria zilizotungwa kwa kuifikiria ofisi yenye kiyoyozi hukutana na maisha mengine zinapofika Katavi. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, na kila mwenye kompyuta mjini hapo aliujua umeme unaokatika ghafla na kurudi kwa kishindo. Diski inayoandikwa wakati huo huweza kuharibika pamoja na yote yaliyomo. Flashi nayo, ambayo wengi huiona kama sanduku la milele, hutunza habari kwa chaji ndogo za umeme zilizonaswa ndani ya vyumba vidogo mno. Chaji hizo huvuja polepole, na huvuja haraka zaidi katika joto.

Risiti ya mashine ya kodi ni mfano mwingine. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Nyingi huchapa bila wino: karatasi imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali yenye asidi, na kichwa cha mashine kikiipasha moto, vitu hivyo viwili hukutana na kuwa vyeusi. Joto la dirishani, mwanga wa jua, mafuta ya mikono na mifuko ya plastiki huweza kuyafifiza maandishi hayo au kuisawijisha karatasi nzima. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Mwenye duka anayetundika risiti zake kwenye msumari ukutani huweza kujikuta, mkaguzi afikapo, akitoa rundo la karatasi nyeupe. Hakudanganya wala hakuzembea kwa makusudi. Hakuambiwa tu kwamba kemia ya risiti na miaka ya sheria havipatani.

Adui wa tatu haonekani kabisa, naye ni kuchakaa kwa vyombo vya kusomea. Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wa Uingereza, mali na ardhi za nchi zilihesabiwa, na kitabu cha hesabu hiyo, Domesday, husomeka hadi leo. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la BBC lilitoa kumbukumbu mpya ya maisha ya Waingereza katika santuri za leza zilizohitaji mashine maalumu. Haikupita hata miaka 20 kabla ya mashine hizo kuwa adimu kiasi kwamba wataalamu walilazimika kufanya kazi kubwa ya kuzinusuru habari zilizokuwamo. Ngozi ya mnyama ilidumu karne tisa. Santuri ilitishiwa na kifo kabla ya watoto walioiandikia kufikia umri wa makamo.

Wapo wasemao kwamba dawa ya yote hayo ni kuhifadhi kila kitu katika hifadhi ya mbali iitwayo wingu. Wingu ni msaada mkubwa, lakini si mbinguni. Ni kompyuta ya mtu mwingine, iliyowekwa katika jengo fulani, chini ya sheria za nchi fulani. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa na nakala moja tu humo walizipoteza. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Hati haikupotea siku hizo, lakini hati isiyofikika siku ya kuhitajiwa inafanana sana na iliyopotea.

Wapo pia wasemao, kwa upande wa pili, kwamba watu wa Katavi na wabaki na karatasi mpaka umeme na mtandao vitengemae. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini haina msaada. Mchwa, mvua na moto havingoji mtandao. Zaidi ya hayo, hati nyingi za leo hazina karatasi tangu kuzaliwa kwake, na kumwambia mtu azisubiri ni kumwambia asiwe na ushahidi. Njia iliyo ya kweli ni ile waliyoizoea watunzaji wazuri wa kumbukumbu kila mahali: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo ikae mbali. Kwa mtu wa Mpanda, mbali si lazima iwe ng'ambo. Reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, yaweza leo kubeba diski ndogo iliyofungwa kwa nywila hadi kwa ndugu aliyeko Tabora.

Taarifa za watu wengine

Mpaka hapa imezungumzwa hati ya mtu mwenyewe. Lakini wengi hutunza hati za wengine bila kujijua. Katika kila mji wa Tanzania ipo steshenari yenye kompyuta moja, mashine ya kuchapa na foleni ya wateja. Mwananchi hutuma picha ya kitambulisho chake cha taifa, cheti cha uraia au fomu ya mkopo; karani huipakua, huichapa, hupokea shilingi zake na kumwita anayefuata. Faili hubaki. Baada ya mwaka mmoja kompyuta hiyo huwa na vitambulisho na sahihi za nusu ya mtaa, bila nywila, mbele ya kila apitaye. Mwizi wa majina hahitaji kuvunja kabati. Anahitaji flashi tu na dakika tano.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imekusudiwa kwa hali kama hizo. Yadai kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na zilindwe zisiibwe wala kuharibiwa. Wanaokusanya na kuchakata taarifa hutakiwa kujiandikisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mwenye taarifa naye amepewa haki ya kujua kinachotunzwa juu yake na kudai kisahihishwe.

Kwa mkulima haki hiyo si pambo. Chukua mfano wa mkulima wa tumbaku anayebishana na chama chake juu ya makato ya mbolea. Chama kina kompyuta. Yeye ana kumbukumbu ya kichwani. Lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ina kifungu kinachomfaa: rekodi iliyotunzwa na upande wa pili wa shauri, ikiletwa na mpinzani wake, huchukuliwa kuwa ni halisi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani karatasi iliyotoka katika kompyuta ya chama, ikiwa mkononi mwa mkulima, ina nguvu zaidi kwake kuliko kwa chama chenyewe. Taabu ni moja: sharti awe ameipata kabla ya ugomvi kuanza.

Yanayopasa kufanywa

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba upungufu uliopo si wa sheria kubwa, bali ni wa daraja kati ya sheria na mtunzaji mdogo. Mambo manne yangetosha kuanza kulijenga.

La kwanza, mamlaka zinazohusika zitoe kanuni fupi ya utunzaji kwa wafanyabiashara wadogo, vyama vya msingi na watu binafsi, isiyozidi ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hakuna sehemu ambako uamuzi huo unahitajiwa zaidi kuliko katika kanuni ambayo karani wa Inyonga au Karema anapaswa kuifuata kila siku. Atakayethibitisha kwamba ameufuata ukurasa huo, mahakama imhesabu kuwa ametunza kwa njia ya kuaminika, mpaka mpinzani athibitishe vingine.

La pili, kila chama na kila mkopeshaji alazimike kumpa mwanachama au mdaiwa taarifa ya hesabu yake kila msimu, bila kuombwa. Haki ya kudai ni nzuri, lakini wengi hawaitumii kwa kuogopa kuonekana wakorofi.

La tatu, steshenari na ofisi zote zinazochapa hati za wateja zifute faili siku hiyohiyo, na tangazo la kusema hivyo libandikwe ukutani. Huu ni wajibu usiogharimu chochote, na mteja mwenyewe aweza kuusimamia.

La nne, nalo ni kubwa kuliko yote, ofisi zinazotoa hati za msingi za maisha, yaani uraia, vizazi na ardhi, zitunze daftari lao kwa viwango vilevile au zaidi, na zimpe mwananchi njia ya kuhakiki hati yake akiwa wilayani kwake. Nakala iliyo katika simu ya mjane wa Mishamo ni uzi. Daftari la ofisi ndilo mti uzi huo ulipofungwa. Mti ukianguka, uzi haumwokoi.

Walimu wa sekondari wana nafasi katika jambo hili ambayo hakuna ofisi itakayoijaza. Somo la hisabati laweza kufundisha alama ya hesabu kwa mfano wa deni uliotolewa hapo juu. Somo la kemia laweza kuiweka risiti moja dirishani na nyingine ndani ya kitabu, na wanafunzi wakazilinganisha mwisho wa muhula. Somo la uraia laweza kuyasoma masharti matatu ya kuhifadhi kumbukumbu. Kisha kila mwanafunzi na aende nyumbani, aulize hati za familia ziko wapi, nani ajuaye zilipo, na nakala ya pili iko wapi. Katika nyumba nyingi swali la mwisho halitakuwa na jibu, na mwanafunzi huyo ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza kulipatia jibu.